Mzee Fernand Sirois Anaacha Kazi, Haachi Msitu

Tarehe 31 Desemba mwaka huu, Mzee Fernand Sirois atakabidhi ufunguo wa kabati la bunduki na kustaafu kazi ya kuongoza wawindaji katika Kambi ya Corriveau, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na minane. Alikuja kwetu akiwa kijana wa ishirini na saba, mkata magogo mwenye mabega mapana na buti la kuazima. Anaondoka akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mabega yaleyale, na magoti mawili ambayo daktari wa mjini Fort Kent anasema yalipaswa kustaafu kabla yake.

Kazi ya kuandika wasifu huu ilipaswa kupewa mtu mwenye ulimi mwepesi. Bi Odile Corriveau, mwenye kambi, ameniachia mimi. Alinikuta nikisugua masufuria akasema, "Mireille, wewe huongei kabisa, kwa hiyo maneno yako lazima umeyaweka akiba mahali. Yatoe." Nina miaka kumi na saba. Nyumbani nimelelewa kwa Kifaransa na shuleni ninasoma kwa lugha zote mbili, Kifaransa na Kiingereza, na zote mbili hunikimbia nikisimama mbele ya watu zaidi ya watatu. Wageni mtakaokuwa na karatasi hii mkononi, ukumbini mwa parokia, mkiniona nimejificha karibu na birika la kahawa, msinishangae. Niliyo nayo yamo humu.

Mzee Fernand hakuajiriwa kuongoza. Aliajiriwa kupasua kuni. Novemba ile ya kwanza kiongozi wa kambi aliteguka kifundo, na marehemu baba yake Bi Odile, akiwa na wageni sita mezani na hakuna wa kuwapeleka msituni, alimwambia yule kijana wa kuni awapeleke tu wakatembee, wasije wakadai warudi kwao. Jioni yake mmoja wao alirudi akiburuta kulungu dume ambaye mizani ya ghalani ilimkubali kuwa mkubwa. Kuni za mwaka ule zilipasuliwa na mtu mwingine, na za miaka yote iliyofuata pia.

Wenyeji wa bonde hili hawahitaji kuelezwa dume mkubwa ni yupi. Huku kwetu hatuhesabu ncha za pembe. Tunamtundika mizanini akishatolewa matumbo, na akifika pauni mia mbili, aliyempiga hushona beji nyekundu kwenye koti lake na kuivaa hata kanisani. Wageni ndio huja wakiota pembe. Mzee Fernand huwasikiliza hadi mwisho, kisha huwaambia, "Pembe ni kofia. Wewe nitazamie miguu." Na miguu ndiyo aliyofundisha. Unyayo mpana uliotanuka mbele. Vidole vile viwili vya nyuma vinavyozama kwenye theluji kwa uzito wa mwili. Ile mistari ya kuburuta kwato, kwa sababu dume mzito hajisumbui kuinua miguu. Na mahali anapopita: jike huinama akapita chini ya matawi, dume mwenye pembe pana huzunguka.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya kipekee, na wengi wenu mmepitia mikononi mwake. Hakumruhusu mtu amfuate kulungu kabla hajamfuata yeye. Siku ya kwanza ya theluji Mzee Fernand alitoka alfajiri peke yake, akazunguka msitu wa nyuma ya kambi, na mwanafunzi akaachiwa alama za buti lake azisome: amesimama wapi, ameangalia wapi, amekaa wapi na kwa nini.

Bwana Whitlock wa Connecticut, ambaye siku hizi ni rafiki wa kambi, anakumbuka vizuri mwaka wake wa kwanza. Alikuja na begi la filimbi za kuita kulungu, chupa za harufu, na kifaa cha kuigiza madume wanaogombana. Mzee Fernand alilitazama begi lile kwa heshima, akauliza, "Duka la dawa umelifunga, au umeliacha wazi?" Kisha akamtuma akafuate buti. Bwana Whitlock alirudi mchana akiwa na uso wa mshindi.

"Ulikula tofaa pale kwenye mwamba," alisema. "Ukafunga kamba ya kiatu. Halafu ukapanda kilima, na huko alama zikanipotea."

"Hazikukupotea," Mzee Fernand alimjibu. "Juu ya kilima niligeuka nikakaa nyuma ya gogo, nikakutazama ukipita. Tangu hapo nilikuwa nyuma yako. Unaimba vizuri."

"Sikuimba!"

"Uliimba. Wimbo wa tangazo la bia."

Kambi nzima ilicheka, lakini somo liliingia. Dume mzee hufanya vivyo hivyo. Akitaka kulala hupanda mahali pa juu, hugeuka, na hulala akitazama njia aliyokuja nayo. Anayefuata nyayo kwa pupa huonekana kabla hajaona. Ndiyo maana Mzee Fernand alisisitiza: akitembea kama mwenye safari, tembea naye, hata ukitoka jasho. Akianza kuzurura, akionja kuvu hapa na ndevu za mti zinazoning'inia matawini pale, wewe simama. Sasa ni hatua moja, na kutazama kwingi.

La mwisho alilofundisha, na alilolirudia hadi likawa mzaha wa kambi, ni kupuliza. Bunduki zetu za kufuatia nyayo hazina darubini. Zina kitundu kidogo cha kulengea, na theluji ya matawi ya misonobari hupenda kitundu hicho kuliko mahali pengine popote duniani. Kila unapotoka kwenye kichaka, puliza. "Puliza!" alisema kwa midomo bila sauti, akigeuka nyuma, mashavu yamevimba kama mtoto mbele ya keki. Wapo waliorudi Connecticut wakawa wanapuliza miwani, rimoti na simu bila kujijua.

Kwa upande wangu, lazima niseme alichonifanyia. Shuleni unyamavu wangu ni kasoro. Mwalimu huuandika kila muhula. Nilipoanza kumfuata Mzee Fernand mwaka jana, tulitembea asubuhi nzima bila neno, na wakati wa kula mkate alisema, "Mwanangu, watu wananilipa niwafundishe hicho ulichozaliwa nacho." Nilienda nikajifungia stoo nikalia kidogo. Mjomba Fernand, hukujua hilo. Sasa unajua, na parokia nzima pia.

Katika miaka yote hiyo Mzee Fernand aliwafikisha wengine kwenye beji nyekundu, wengi kiasi kwamba Bi Odile ameacha kubandika picha zao kwa kukosa ukuta. Yeye mwenyewe hana. Si kwamba hakuweza. Msimu wetu wa bunduki ni Novemba tu, na Novemba zake zote alizitoa kwa wageni. Kiongozi akiwa na mgeni habebi hamu yake mwenyewe. Hubeba chai na kamba ya kuburutia. Alipata kulungu wadogo wa kula, katika siku chache za kuiba. Dume wa mizani hakupata hata mmoja. Koti lake limekaa tupu pale kifuani, na mkewe, Bi Lorette, aliniambia kwamba kuna usiku alimkuta amelishika tu, analitazama.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ya msimu huu Bi Odile alifanya jambo. Jumatano jioni alimketisha Mzee Fernand meza ya wageni, akamwekea ploye za moto, zile chapati zetu laini, siagi na nyama ya kukaanga, na kusema mbele ya wote, "Kuanzia kesho hadi Jumamosi wewe si kiongozi. Wewe ni mteja wangu. Siku hizo tatu usiniulize nani atampeleka nani. Nenda kamtafute wako."

Mzee Fernand alikaa dakika moja, akainuka kukusanya sahani.

"Kaa!" Bi Odile alifoka. "Mteja haoshi vyombo."

"Kuna wateja wanaoosha."

"Hao hawapo. Kaa chini, Fernand."

Alikaa. Aliambiwa achague mtu wa kwenda naye, na sote tulidhani atamchukua Bwana Whitlock. Akaelekeza uma kwangu. "Huyu. Huyu hatanisemesha."

Alhamisi na Ijumaa theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya buti kama biskuti, na kulungu walitusikia kutoka kata ya jirani. Zilibaki saa za mchana za siku moja, Jumamosi, na baada yake msimu ungefungwa na kazi ya Mzee Fernand msituni nayo. Ijumaa jioni hakula sana. Bi Lorette alikuwa amemletea shati jipya la sufu, la miraba myekundu na myeusi, zawadi ya kustaafu, akamwagiza alivae siku hiyo ya mwisho limletee bahati.

Usiku ule ilianguka theluji laini, na asubuhi msitu ulikuwa kimya kabisa. Kabla jua halijapanda, kila mmoja na bunduki yake, tulikuta unyayo upande wa juu wa kijito. Mzee Fernand alipiga goti, akaweka ngumi yake ndani ya unyayo huo, na ngumi ikaingia yote. Alinitazama, na nikaona uso ambao sijawahi kumwona nao, uso wa kijana wa kuni.

Tulimfuata asubuhi yote. Dume alikuwa na safari: alikatiza bwawa, akapanda mgongo wa kilima, akazunguka miti minene ambayo sisi tulipita katikati. Mchana akaanza kuzurura. Alikula kuvu kwenye gogo, akasimama, akakojoa, akasogea tena. Mzee Fernand alipunguza mwendo hadi nikawa nahesabu pumzi baina ya hatua na hatua. Tuliingia kwenye kichaka cha misonobari michanga iliyobeba theluji hadi ncha, na ilitumwagikia yote, shingoni, mikononi, kila mahali.

Tulipotokea upande wa pili, yeye alikuwa mbele. Akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake ya kazi. Akageuka nyuma kunitazama mimi, akavimbisha mashavu, na bila sauti akaniambia: puliza.

Nikapuliza.

Nilipoinua macho, dume alikuwa amesimama nyuma yake juu ya mteremko, shingo nene kama pipa, akitutazama. Nadhani Mzee Fernand aliiona sura yangu, kwa sababu aligeuka polepole na bunduki ikapanda begani kama maji yanavyopanda. Ikakaa pale. Haikulia. Kitundu chake kilikuwa cheupe kwa theluji. Alikuwa amenikumbusha mimi, akajisahau yeye. Akaishusha, akapuliza, akaiinua tena, na dume tayari yuko hewani. Risasi moja. Magome meupe yaliruka kutoka mti wa pembeni. Kisha theluji ikawa inaanguka kutoka matawini, na hakuna kitu kingine.

Hatukurudi. Sheria yake ni kwamba risasi ikilia, unafuata hadi uwe na hakika, hata kama unajua. Tulifuata hadi mwanga ulipoanza kupungua, tukitafuta tone moja la damu, unywele mmoja. Hakukuwa na chochote. Dume alikuwa ameanza tena kutembea kama mwenye safari.

"Mzima kabisa," Mzee Fernand alisema. "Anaenda zake kula chakula cha jioni." Akatoa risasi bundukini, akakaa juu ya gogo. "Wewe ulimwona?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kitundu chako kilikuwa safi?"

"Ndiyo."

"Mbona hukupiga?"

Nilitafuta jibu kwa Kifaransa, nikatafuta kwa Kiingereza. Mwishowe nilisema, "Alikuwa wako."

Aliguna. "Na kulungu mwenyewe aliambiwa?" Kisha akacheka, cheko la kifuani, akapangusa macho kwa glovu, na sitaandika kwamba ilikuwa theluji.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Nilikuwa nafikiria ile boriti ya sebule ya kambi, ambayo kila aliyeingia kwetu anaijua. Anayempiga risasi kulungu akamkosa, hukatwa mkia wa shati, na kipande hupigiliwa kwenye boriti pamoja na jina lake. Shahidi husimama, husema kwa sauti kilichotokea, kisha hukata. Mzee Fernand alikuwa shahidi wa karibu vipande vyote vilivyo pale juu. Chake hakimo. Na shahidi wa leo alikuwa mimi. Tulipoona taa za kambi nilimwambia, "Mjomba, walioko ndani hawakusikia mlio. Tulikuwa mbali. Mimi sitasema."

Alisimama.

"Najua hutasema," alisema. "Kunyamaza kwako ni kwa msituni, mwanangu. Kule ndani tunasema."

Walikuwa wameketi wote wakitungoja, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mzee Fernand alivua koti, akalitundika, akalichomoa shati jipya la Bi Lorette kutoka kwenye suruali, akasimama chini ya boriti na mkia wa shati ukining'inia.

Bwana Whitlock, ambaye kipande chake cha hariri kimekaa pale juu kwa miaka, alinyanyuka hadi nusu. "Haiwezekani."

"Inawezekana sana. Mkasi uko wapi?"

"Fernand, acha," Bi Odile alisema. "Siku yako ya mwisho! Hakuna mtu hapa atakayekukata. Na shati lenyewe jipya."

"Odile, nimekata mashati ya watu miaka thelathini na minane. Nilimkata padri. Nilimkata bwana harusi. Nilikukata wewe ukiwa na mimba ya mwanao Théo, ukanitukana hadi Pasaka. Mkiniacha mimi, basi vipande vyote hivyo juu ni uonevu, vishusheni leo." Akanigeukia. "Shahidi."

Nilisimama. Walikuwa watu kumi na mmoja, wote wakinitazama, na ulimi ukakauka kama kawaida yake. Mzee Fernand alinitazama, na polepole, bila sauti, akavimbisha mashavu.

Nikapuliza. Kisha nikasema. Nilisema yote: unyayo uliomeza ngumi, kuvu, kichaka, jinsi alivyogeuka kunikumbusha mimi kitundu changu, na kwamba kama asingegeuka, dume yule angekuwa mizanini saa hii. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Kisha Bwana Whitlock akasema, "Yaani hakupuliza? Yeye?" Na hapo kambi nzima ililipuka, Mzee Fernand wa kwanza wao, hadi akalazimika kushika meza.

"Kata, mwanangu," alisema, "kabla Lorette hajafika."

Nilikata vibaya, mshazari. Kipande kiko kwenye boriti, karibu na dirisha. Bi Lorette amekwisha kukiona na amesema ana maneno na mimi. Bado nayangoja.

Kwa niaba ya Kambi ya Corriveau, viongozi wenzake, na wawindaji wote waliojifunza kusoma buti lake, tunamshukuru Mzee Fernand Sirois kwa Novemba zote alizotupatia. Tunamshukuru pia Bi Lorette, aliyezikaa bila mume.

Baada ya leo hana mgeni wa kumwongoza. Novemba ijayo, kwa mara ya kwanza tangu aweke shoka chini, itakuwa yake yote, kuanzia Jumamosi ya kwanza hadi ya mwisho. Na yule dume yupo, juu ya kile kijito, anazidi kunenepa. Bi Odile amenikubalia nifunge jikoni siku nikihitajika kuburuta, na Bi Lorette, ingawa amekasirika, ameniambia sindano na uzi mwekundu anavyo.

Tunakuombea magoti mazuri, theluji laini, na miaka mingi ya kuzurura kama mtu asiye na safari. Mjomba, mimi nitakuwa nyuma yako, na sitakusemesha. Usigeuke kunitazama. Changu nitapuliza. Wewe puliza chako.